Everlyn Nicodemus, mchoraji aliyekaa na wanawake akawasikiliza

Dada mpendwa, kama unaishi Njombe au umewahi kupita huku kwetu, bila shaka Makambako unaijua. Ndiyo njia panda yetu. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepuka hapo, na reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake hapo. Kila mama wa sehemu hizi ana mtu aliyewahi kumsindikiza Makambako. Wengine wamesindikiza watoto wanaokwenda shule za mbali. Wengi, tuseme ukweli, wamesindikiza binti aliyemaliza darasa la saba akienda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na begi moja, na sweta zito ambalo huko pwani halitamfaa kitu.

Binti akishaondoka tunauliza mambo mawili. Amefika salama? Na mwezi ukiisha: ametuma chochote? Ni maswali halali, wala sisemi tuyaache. Lakini lipo la tatu ambalo sijasikia likiulizwa mara nyingi: huko aliko, yupo mtu anayemsikiliza?

Swali hilo lilinijia niliposoma habari za Mtanzania mwenzetu, Everlyn Nicodemus, mchoraji. Yeye si wa Njombe, wala hakwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Ni Mchagga wa Marangu, msomi, na leo kazi zake zimo katika majumba makubwa ya sanaa ya Uingereza. Hata hivyo ukiyafuatilia maisha yake, zaidi ya miaka hamsini ya kuishi katika nchi za watu, utaona yamelizunguka swali hilo hilo: nani anamsikiliza mwanamke, na mwanamke asiposikilizwa yale aliyonayo moyoni huenda wapi.

Msichana wa Marangu

Everlyn alizaliwa Marangu, mkoani Kilimanjaro, mwaka 1954. Marangu wengi wanaijua kwa sababu ya wapanda mlima. Wachache wanajua kwamba mitelemko ile ya kahawa na migomba imetoa wachoraji wa kutajika. Elimo Njau naye alizaliwa Marangu, mwaka 1932, na ndiye aliyechora ukutani, katika kanisa la Murang'a nchini Kenya mwaka 1959, maisha ya Yesu akiwa Mwafrika miongoni mwa Waafrika. Jirani yao wa Machame, Sam Ntiro, alisomea uchoraji London kuanzia 1952, na mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilichukua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mke wake Ntiro, Sarah, wa Bunyoro nchini Uganda, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata digrii, akaipata Oxford. Huyo mama anastahili makala yake peke yake, nasi tunaongea habari za Everlyn.

Everlyn hakuanza na brashi. Mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi, alikwenda kuishi Sweden. Hebu mfikirie. Sisi wa Njombe tunajidai tunajua baridi, hasa Juni na Julai umande unapoganda juu ya majani ya viazi, lakini Desemba ya Stockholm jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Anayetoka chini ya ikweta, aliyezoea kuona jua linachwa saa kumi na mbili tangu azaliwe, anaweza kudhani ulimwengu umeharibika.

Baridi ina makoti. Lililokuwa gumu zaidi lilikuwa kutazamwa. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumewafahamu Waswidi kama wageni wetu: wauguzi, walimu, wachungaji. Tuliwapa viti vizuri sebuleni, tukawachemshia chai, watoto wakawafuata barabarani wakicheka, na mgeni akachukulia kuwa ndiyo mapokezi. Ni jambo jingine kabisa Mwafrika anapokuwa ndiye mgeni, peke yake, katika nchi ambayo rangi yake inamtangulia mlangoni. Huko Sweden ndiko Everlyn alikoonja ubaguzi wa rangi, na ameeleza wazi kwamba ulimtikisa.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Stockholm, akasomea anthropolojia ya jamii, yaani elimu ya kuchunguza watu wanavyoishi, mila zao, ndoa zao, jamaa zao. Ni elimu ambayo kwa muda mrefu Wazungu walikuja kuifanyia kwetu. Sasa yeye alitakiwa kurudi Tanzania na daftari, aliyezaliwa humo, awatazame watu wa kwao kama vitu vya kuchunguzwa. Hapo ndipo alipokwama. Hakuweza kusimama nje ya watu wake na kuwaandika kana kwamba si wake. Na katika kukwama huko, akiwa nyumbani Tanzania, ndipo alipoanza kuchora na kuandika mashairi. Mwaka 1980 alifanya maonyesho yake ya kwanza, Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Hakuwa amepitia shule yoyote ya uchoraji.

Tunahesabiwa sana

Naomba nisimame kidogo hapa, maana jambo hili la daftari linatuhusu sana sisi wa Njombe.

Mkoa wetu ni mchanga, umekatwa kutoka Iringa mwaka 2012, lakini katika jambo moja umekuwa maarufu kuliko mingi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Njombe, 12.7 walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 4.4. Hakuna mkoa uliotupita. Kwa hiyo watafiti wanakuja. Wanakuja na madodoso, wanakaa kwenye benchi nje ya nyumba, wanauliza umri, umeolewa mara ngapi, una watoto wangapi, wangapi wako hai. Mama anajibu, wanamshukuru, wanaondoka. Sina ugomvi nao. Bila takwimu hizo dawa zisingefika zinakotakiwa, na dawa zimeokoa maisha ya wengi tunaowafahamu kwa majina.

Lakini yule mama wa kwenye benchi amehesabiwa tu. Hajasikilizwa. Dodoso halina nafasi ya kuandika jinsi alivyojua, nani alimwambia, alimficha nani kwa muda gani, na usiku ule alilala vipi. Hayo anabaki nayo. Everlyn Nicodemus aliliona pengo hilo akiwa bado mwanafunzi, akaacha daftari, akachukua rangi.

Nyuso nyingi za mtu mmoja

Kati ya kazi zake za mwanzo ipo ya mwaka 1980 inayohusu saa zile za baada ya kujifungua. Angalia alipochagua kuanzia. Wachoraji wa dunia wamechora mama na mtoto maelfu ya mara, mama akiwa amekwisha kuoga, ametulia, mtoto ameshiba. Ni mwanamke aliyezaa ndiye anayekumbuka kwamba kabla ya hapo kuna saa nyingine.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1982, akiishi Åkersberga, mji ulio kaskazini ya Stockholm, alichora picha yake mwenyewe, akaipa jina la Kiswidi, Självporträtt, Åkersberga. Nimeiona ikiwa imechapishwa tu. Hautazami uso mmoja. Nyuso zimepandana, huu umeingia ndani ya ule, hata ukishaanza kuufuatilia mmoja unajikuta umehamia kwa mwenzake.

Kuna watu watakaosema hawaielewi. Nadhani mama wa watoto wanne ataielewa kabla ya profesa. Saa kumi na moja alfajiri wewe ni wa kuwasha moto na kuwaandaa watoto wa shule. Saa mbili ni mkulima wa viazi, au karani wa halmashauri, au muuza mbao. Mchana mkwe anakuja, unapiga magoti unamsalimia kwa adabu na kichwani unahesabu kama unga utatosha. Jioni ni mke. Jumapili ni mwanakwaya mwenye sauti ya pili. Na aliye mbali na kwao ana nyuso nyingine za kuongeza: ule anaowaonyesha wenyeji ili wasimwogope, na ule anaotuma nyumbani ili mama yake asiwe na wasiwasi. Binti yako anayekupigia simu kutoka Dar es Salaam akisema hajambo, anakuonyesha upi?

Picha hiyo ilikaa miaka arobaini kabla dunia haijaitambua. Nitarudi kwake.

Skive, Tanzania, Calcutta

Kazi ninayoipenda kuliko zote alizofanya ni ile ya mwaka 1984 hadi 1986. Aliiita Mwanamke Duniani. Mpango wake ulikuwa mwepesi, kiasi kwamba mtu anaweza kushangaa kuwa hakuna aliyeufikiria kabla yake. Alikwenda mahali patatu mbalimbali: Skive, mji mdogo wa Denmark, nyumbani Tanzania, na Calcutta, jiji kubwa la India. Kila alipofika alikutana na wanawake wa pale, wakazungumza. Wakazungumza habari za maisha yao wenyewe. Kisha akachora na kuandika mashairi kutokana na yale aliyoyasikia, na kazi zikaonyeshwa huko huko.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, alianzia Denmark. Mwafrika alikwenda kwa wanawake wa Ulaya kuwauliza maisha yao, wakati siku zote safari hiyo ilikuwa ya kinyume: wao kuja kwetu na maswali. Sijui kama tunatambua ukubwa wa jambo hilo. Tumezoea kudhani mwanamke wa Ulaya hana la kusimulia, ana jiko la umeme na mashine ya kufulia, basi. Kumbe ukikaa naye, mlango ukifungwa, naye ana mume asiyeongea, ana mimba iliyoharibika ambayo hakuna aliyemlilia, ana mama mkwe.

Pili, yale waliyosema hayakufungiwa katika ripoti. Yaligeuka kuwa picha ambazo wenyewe wangeweza kuja kuzitazama. Mtu anapokuja kwako, akachukua maneno yako akaondoka nayo, umepungukiwa. Anapokurudishia yakiwa yamekuwa kitu cha kutazamika, ukasimama mbele yake ukajiona na wenzako watatu mko humo, umepata kitu. Hiyo ndiyo tofauti ya kuhesabiwa na kusikilizwa, na sidhani inahitaji maelezo marefu kwa mwanamke yeyote aliyewahi kulia jikoni na shemeji yake akapita akamuuliza kama moshi umemwingia machoni.

Katika Maandiko yuko Hana, ambaye sisi tulioomba watoto kwa machozi tunamkumbuka daima. Alisimama hekaluni akiomba, midomo inacheza na sauti haisikiki, na kuhani Eli akamtazama mdomo akadhani amelewa. Kuhani mwenyewe, mtu wa Mungu, alitazama asisikie! Ilibidi Hana amweleze kwamba anamimina nafsi yake mbele za Bwana. Kisa hicho kiko katika sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza. Huwa najiuliza ni akina Hana wangapi ambao hatukuwauliza la pili.

Alipovunjika

Sasa nafika mahali ambapo wengi wa waandishi wa habari za watu mashuhuri hupita haraka. Mimi sitapita haraka, kwa sababu mwenyewe hakulificha.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Everlyn alihama Sweden, akaishi Ufaransa, kisha Antwerp, Ubelgiji. Ilikuwa miaka migumu. Nchi mpya tena, lugha mpya tena, ubaguzi ule ule na pengine mbaya zaidi. Akaugua. Hakuugua malaria wala tumbo. Alivunjika rohoni na akilini. Madaktari huuita ugonjwa wa namna hiyo msongo wa baada ya kiwewe. Mtu aliyepatwa na mambo mazito akili yake inakataa kuyaweka nyuma. Usingizi unamkimbia, kishindo kidogo kinamshtua, yaliyopita yanamjia mchana kweupe kana kwamba yanatokea sasa.

Huku kwetu mama akifikia hali hiyo tunasema amerogwa. Au tunasema imani yake imepungua, jambo ambalo kwa maoni yangu ni baya kuliko kusema amerogwa, maana linamwongezea mgonjwa hatia juu ya ugonjwa. Nimekaa kwenye maombi ambamo dada aliyefiwa na watoto wawili mwaka mmoja aliambiwa ashukuru zaidi. Alishukuru. Aliendelea kutolala.

Everlyn alichora. Mwaka 1991 alianza mfululizo wa picha alioupa jina la Harusi, na ulipokamilika ulikuwa na picha 84. Themanini na nne! Ni wingi wa mtu anayeshikilia kitu ili asizame. Amesema mara nyingi kwamba sanaa ndiyo iliyomwezesha kuishi, na sioni sababu ya kudhani ni maneno ya kupamba. Sisemi kwamba kuchora ni mbadala wa hospitali. Mama asiyelala wiki tatu apelekwe kwa daktari, na aende na mtu anayempenda. Lakini mikono inayofanya kazi inafungua mambo ambayo kinywa kimeyafunga, na hilo wanawake wa huku tunalijua. Tazama kikundi kinachofuma masweta: macho yako kwenye sindano, hakuna anayemkodolea mwenzake, na ndipo mtu anaposema lile ambalo asingelisema akiangaliwa.

Baada ya kupona kiasi cha kuweza kuyatazama maumivu yake, aligeukia ya wengine. Mwaka 2004 alikamilisha kazi moja ya kitambaa yenye urefu wa mita 16. Zitandaze khanga kumi chini, mshono kwa mshono, na bado hujaufikia urefu huo. Juu ya kitambaa hicho alikusanya kumbukumbu za mauaji ya halaiki kutoka pande nyingi za dunia. Mwaka ule Rwanda ilikuwa inatimiza miaka kumi tangu mauaji ya 1994. Kusema kweli si kazi ambayo ningependa kuitundika sebuleni juu ya kochi. Nadhani naye hakuikusudia kwa sebule. Sisi wenyewe tunaishi katika nchi iliyopitiwa na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata, na bibi zetu walizaliwa na waliosalia. Ni nani kati yetu amewahi kukaa na watoto akawasimulia? Tumewaachia kitabu cha historia cha shule, ambacho kina kurasa mbili.

Heshima iliyochelewa

Mwaka 2008 Everlyn alihamia Edinburgh, Scotland. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Middlesex cha Uingereza kilimpa shahada ya udaktari kwa utafiti wake juu ya sanaa ya kisasa ya Afrika na kiwewe cha watu weusi. Alikuwa na miaka 58. Nalitaja hilo kwa ajili ya dada yeyote anayesoma hapa na aliyeacha shule kwa sababu ya mimba au ada, akadhani mlango umefungwa kwa kuwa ana miaka thelathini na mitano.

Kisha ile picha ya nyuso nyingi. Mwaka 2022 jumba la National Portrait Gallery la London liliichukua iwe mali yake. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1856 kwa ajili ya picha za watu waliofanya makubwa katika historia ya Uingereza. Katika miaka yote hiyo halijawahi kuwa na picha ya rangi ambayo mwanamke mweusi alijichora mwenyewe. Ya kwanza ikawa ya msichana wa Marangu. Aliichora akiwa na miaka 28, ikaingia London akiwa na 68. Mwaka huo huo maonyesho yake makubwa yalipatiwa tuzo ya Freelands, paundi 110,000, na kuanzia Oktoba 2024 hadi Mei 2025 Jumba la Taifa la Sanaa la Scotland, Edinburgh, lilionyesha kazi zake zaidi ya 80, za miaka arobaini na zaidi.

Nafurahi kwa ajili yake. Pia nina neno. Maonyesho yake ya kwanza yalikuwa Dar es Salaam, mwaka 1980, na tangu hapo wengi wetu hatujalisikia jina lake. Watoto wetu wanafundishwa shuleni kuwa uchoraji ni kipindi cha kupumzikia, na mtoto anayechora pembeni ya daftari anachapwa kwa kuchafua. Mwalimu anaweza kuwa na sababu zake, daftari ni ghali. Lakini mama anaweza kumpa huyo mtoto upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana.

Katika vikundi vyetu

Najua kuna dada atakayeniambia: mambo ya ndani hayatolewi nje. Tulifundwa hivyo, na mafundisho yale yalikuwa na busara yake, maana siyo kila sikio ni la kusikiliza. Ila wahenga hao hao walisema mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua, na katika mkoa wenye watu 12.7 katika 100, methali hiyo ya pili haina haja ya kufafanuliwa na mtu kutoka mbali.

Tuna mikusanyiko mingi. Kuna ibada za akina mama katikati ya wiki, kuna kwaya, kuna vikundi vya kuweka na kukopa, kuna misiba ambako tunalala siku tatu tukipika pamoja. Tunaimba, tunachanga, tunapokea somo, tunasoma mahesabu, tunafunga kwa sala. Ukihesabu dakika ambazo mwanamke wa kawaida, asiye mwenyekiti wala mweka hazina, anasema jambo la maisha yake na wengine wakanyamaza wakimsikiliza, utapata ngapi?

Sidhani tunahitaji chama kipya. Katika kikundi cha watu thelathini wanatosha watano au sita wanaoaminiana, wakae kando baada ya kikao, na kazi mkononi: sweta, kikapu, maharage ya kuchambua. Asiwepo katibu wa kuandika. Asiwepo anayejibu haraka kwa mstari wa Biblia, hata kama mstari ni sahihi. Utakuwa sahihi pia baada ya robo saa. Swali moja linatosha kwa siku. Siku uliyojifungua mtoto wako wa kwanza, nani alikuwa nje ya mlango? Au: ni jambo gani unalolifanya kila siku na hakuna anayelijua? Na yaliyosemwa yabaki hapo hapo. Akitoka mmoja na neno akalipeleka kwa mume au kwa mchungaji, kikundi kimekufa, na ni bora kife kuliko kuendelea.

Na binti aliye Dar es Salaam, au Nairobi, au Uarabuni ambako siku hizi wengine wanapelekwa na mawakala, akipiga simu usimuulize habari za pesa kwanza. Muulize alikula na nani jana. Muulize chumba anacholala kina dirisha. Ni maswali madogo, lakini mtu hawezi kuyajibu kwa neno moja la hajambo, na katika kuyajibu utausikia uso wake mwingine.

Katika kazi za Everlyn za miaka hii ya karibuni, alizozianza akikaribia miaka sabini, upo mfululizo alioupa jina la Lazarus Jacaranda. Lazaro tunamfahamu, ndugu yake Martha na Mariamu, aliyekuwa kaburini siku nne. Mjakaranda nao tunaufahamu, umejaa kandokando ya barabara za miji yetu. Mgeni asiyeujua akipita wakati umepukutisha majani yote, matawi makavu matupu, atadhani ni wa kukatwa kuni. Majani hayaanzi kurudi kwanza. Yanaanza maua.